Kabla Hujanunua Bunduki ya Skiti

Anayeanza skiti, mchezo wa kuvunja kwa bunduki visahani vinavyorushwa hewani, huuliza kwanza anunue bunduki gani. Kabla ya swali hilo kuna mambo mawili ya kujua: kama sheria ya mahali ulipo inakuruhusu kushika bunduki, na ni jicho lako lipi linalotawala unapolenga. Ukiyaruka hayo utaingia dukani na kutoka na bunduki nzuri inayomfaa mtu mwingine.

Naandika hasa kwa wasomaji walioko Marekani, kwa kuwa huko ndiko skiti ilikozaliwa na ndiko mgeni anakoweza kuukuta uwanja wake bila kuzunguka sana. Aliyeko Uingereza au nchi za Ghuba naye ataona mengi yanamhusu.

Mchezo huu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920 huko Andover, Massachusetts. Charles Davis na wenzake walikuwa wawindaji wa ndege waliotaka kujinoa msimu wa uwindaji ukiwa umefungwa. Walichora duara kamili, wakaweka mtambo mmoja wa kurusha visahani, wakawa wanazunguka na kufyatua kutoka kila upande. Jirani yao alipoanza kufuga kuku, marisau hayakuweza tena kuelekezwa upande ule. Wakalikata duara nusu, wakaongeza mtambo wa pili upande wa pili, na umbo hilo ndilo lililobaki mpaka leo. Mwaka 1926 William Harnden Foster aliutangaza mchezo huo kwa nchi nzima kupitia gazeti la wawindaji.

Umbo la uwanja ndilo linaloamua vifaa vyote nitakavyovitaja. Kushoto kuna kibanda cha juu kinachotoa kisahani kwenye kimo cha mita 3 hivi, kulia kuna kibanda cha chini kinachokitoa kwenye kimo cha mita moja. Vituo 7 vimepangwa kwenye nusu duara na cha 8 kiko katikati ya vibanda viwili. Kisahani ni kidogo, upana wake sentimita 11, kimetengenezwa kwa unga wa chokaa uliochanganywa na lami, nacho hupita njia ileile kila mara. Karibu kila shabaha huvunjwa umbali wa mita 20 au chini ya hapo. Kwa hiyo huhitaji bunduki ya kufika mbali. Unahitaji inayozunguka pamoja na mwili wako bila kukwama, inayotawanya marisau mapema, na isiyokuumiza bega mpaka ukaanza kuiogopa.

Nizungumze kwanza habari ya sheria, maana hapa ndipo mtu anaweza kujiharibia maisha kwa kutojua. Sheria ya shirikisho ya Marekani kwa kawaida inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, kazi au matembezi, kununua au hata kushika bunduki na risasi. Kuna misamaha michache, kama ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Bunduki ya kukodi uwanjani nayo inahesabiwa kuwa umeishika, hata kama ni kwa nusu saa tu. Mwenye ukaaji wa kudumu anaruhusiwa, mradi hana kizuizi kingine. Kama karatasi zako bado zinashughulikiwa, muulize wakili wa uhamiaji kabla ya kumfuata rafiki uwanjani, kwa sababu kosa la silaha linaweza kukupeleka jela na kisha kukurudisha ulikotoka. Uingereza njia ni tofauti: unahitaji cheti cha polisi ili kumiliki shotgani, yaani bunduki ya marisau, lakini sheria ya mwaka 1968 inamruhusu asiye na cheti kujifunza kulenga visahani mahali na wakati ulioidhinishwa na mkuu wa polisi. Kwa aliye Tanzania au Kenya, sheria za silaha ni kali na leseni hutangulia kila kitu. Usinunue wala kuazima kabla hujaipata.

Sasa jicho. Nyoosha mikono mbele yako, kutanisha viganja ubaki uwazi mdogo kati ya vidole gumba na vya shahada, kisha tazama kitu kilicho mbali kupitia uwazi huo, macho yote mawili yakiwa wazi. Fumba jicho la kushoto. Kama kitu bado kinaonekana, jicho lako la kulia ndilo linalotawala. Kama kimetoweka, ni la kushoto. Rudia mara kadhaa mpaka jibu lisibadilike.

Inafaa jicho hilo liwe upande wa bega utakaloegemeza bunduki. Wengi wako hivyo. Wapo hata hivyo wanaotumia mkono wa kulia lakini jicho la kushoto ndilo linalotawala, nao wanaweza kukosa mwezi mzima wakiilaumu bunduki. Kwa mtu mzima anayeanza leo, ushauri wangu ni kuhamia bega la upande wa jicho hilo. Siku za mwanzo mikono itakuwa mizito, lakini hakuna mazoea ya zamani ya kupigana nayo. Asiyeweza kabisa kuhama anaweza kubandika kipande kidogo cha utepe wenye ukungu kwenye kioo cha miwani, mbele ya jicho linalotawala, ili jicho la pili lichukue kazi ya kulenga. Jambo hili liamuliwe kabla ya kununua, kwa sababu bunduki nyingi huchongwa kwa mtu wa bega la kulia: kitako kimepindishwa kidogo kuelekea upande wake, na zile zinazojijaza zenyewe hutupa maganda kuliani, mbele ya uso wa anayetumia bega la kushoto.

Baada ya hapo, azima au kodi. Klabu nyingi zina bunduki za kukodisha na mwalimu wa wanaoanza. Jaribu za aina mbili tatu kwa wiki tofauti kabla ya kutoa pesa. Najua hamu ya kuwa na chako, na muuzaji anaijua vilevile. Lakini mtu ambaye hajajua kupandisha bunduki begani kwa namna moja kila mara hawezi kujua ipi inamkaa.

Kukaa ndiko kunakobeba uzito wote. Raifali ina alama ya kulengea nyuma na nyingine mbele. Shotgani ina ushanga mdogo kwenye ncha ya mtutu, na alama ya nyuma ni jicho lako mwenyewe. Shavu lako lilipolala juu ya mgongo wa kitako, hapo ndipo jicho lilipo, na marisau yataufuata mstari huo. Jicho likipanda sentimita moja tu juu ya pale linapotakiwa, kwenye umbali wa mita 20 marisau yatapanda sentimita 20 hivi. Katika umbali huohuo wingu la marisau lina upana wa sentimita 60 hadi 75. Umeshapoteza zaidi ya nusu ya nafasi yako kabla kisahani hakijatoka kibandani. Bunduki ni kama kiatu: jina la fundi maarufu halitakusaidia ikiwa namba si yako.

Kuijaribu si kazi ngumu. Hakikisha kwanza haina risasi, mwenye duka naye ahakikishe. Chagua alama ukutani, itazame, fumba macho, pandisha bunduki begani kwa starehe, kisha fumbua. Jicho lako linapaswa kuwa linatazama moja kwa moja juu ya utepe wa mtutu, ule ukanda ulio mgongoni mwake, ukiona ushanga na kipande chembamba cha utepe. Ukiona mgongo wa chuma tu, kitako kiko chini mno kwako. Ukiona utepe wote umelala kama barabara, kiko juu mno. Kati ya pua yako na kidole gumba cha mkono ulioshika panapaswa kubaki nafasi ya vidole viwili hivi. Pua ikigusana na gumba, kitako ni kifupi na utajipiga mwenyewe. Kikikwama kwapani wakati wa kupandisha, ni kirefu. Bunduki nyingi za dukani zina urefu wa sentimita 36 hadi 37 kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kipimo kilichowekwa kwa mwanaume wa wastani. Fundi anaweza kukata, kuongeza mpira au kuinua mgongo wa kitako, na gharama hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko ya kubadilisha bunduki.

Wanawake ndio wanaoumizwa zaidi na uzembe wa wauzaji katika hili. Huuziwa bunduki ya mwanaume iliyofupishwa, ilhali mwenye shingo ndefu anahitaji pia mgongo wa kitako ulioinuliwa. Siku hizi kuna zinazochongwa kwa ajili yao, kama zile za chapa ya Syren. Asije mtu akakwambia mchezo huu ni wa wanaume. Mwaka 1992 huko Barcelona, skiti ya Olimpiki ikiwa bado inawachanganya wanaume na wanawake, dhahabu ilichukuliwa na Zhang Shan wa China. Umri nao si kizuizi: Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alipata shaba ya skiti huko Tokyo akiwa amevuka miaka 55.

Aina ya bunduki. Ile ya kukokota kwa mkono, kama Remington 870 au Mossberg 500, ni imara na bei yake ni nafuu, lakini mimi simshauri anayeanza. Kwenye vituo vya 1, 2, 6 na 7 visahani viwili hutoka kwa pamoja, na kukokota kati ya mfyatuo wa kwanza na wa pili kunamvuruga mtu ambaye bado hajatulia. Zinazobaki ni mbili. Ya kwanza ni inayojijaza yenyewe kwa nguvu ya gesi: Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, ilipendwa sana kwenye viwanja vya skiti kwa sababu gesi inapunguza teke la begani, na Beretta A300 na A400 zinafanya kazi hiyohiyo leo. Ya pili ni ya mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine. Teke lake ni kubwa kidogo, bei iko juu, lakini ina vipande vichache vya kuharibika, maganda unayatoa kwa mkono, na ukiikunja kila mtu uwanjani anaona haina kitu ndani.

Kwa mtu mwembamba, kijana, au yeyote mwenye bega lenye shida, ningechagua ya gesi bila kusita. Wengine wote ningewaelekeza kwenye mitutu miwili iliyotumika, ya jina linalojulikana, kama Beretta 686 au Browning Citori. Bunduki hizo hudumu kwa miaka mingi, vipuri vinapatikana, na siku ukiamua kuuza hupati hasara kubwa. Mitutu miwili mipya ya bei ya chini sana naiogopa kwa niaba yako. Skiti inakula risasi: ukienda kila wiki na kucheza raundi 4 za risasi 25, ni risasi 5,200 kwa mwaka, na bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya mwindaji wa siku chache haikuundwa kwa mzigo huo.

Ukinunua iliyotumika, tazama ndani ya mitutu ukielekea kwenye mwanga uone kama kuna mbonyeo au kutu. Vua kipande cha mti cha mbele, shika kitako, tikisa taratibu: ikicheza kwenye bawaba, imechoka. Angalia nyufa pale mti wa kitako unapokutana na chuma. Fungua choki, kile kipande cha kwenye ncha ya mtutu, kwa ufunguo wake, na kama haifunguki kwa nguvu ya kawaida, punguza bei au ondoka.

Kwa geji, yaani kipimo cha upana wa tundu la mtutu, 12 ndiyo ya kuanzia, na hapa watu wengi wananibishia. Mzazi humnunulia mtoto geji 20 nyepesi akidhani anamhurumia. Teke linategemea uzito wa bunduki pamoja na uzito wa marisau. Geji 12 yenye kilo 3.6 ikifyatua gramu 24 inasukuma taratibu kuliko geji 20 yenye kilo 2.7 inayofyatua kiasi hichohicho. Bunduki nyepesi inafurahisha ukiibeba porini siku nzima, lakini kwenye skiti unaishika dakika chache kwa kituo. Mtoto asiyeweza kuubeba uzito huo apewe geji 20 ya gesi, si nyepesi ya mtutu mmoja. Geji 28 na ile ndogo ya .410 ziachie miaka ya mbele. Zina marisau machache na zinamkatisha tamaa mgeni.

Uzito una faida nyingine inayoonekana zaidi kwenye kituo cha 4. Hapo kisahani kinapita mbele yako kikikata moja kwa moja, na marisau yanachukua muda kukifikia, hivyo unalazimika kufyatua mbele yake kwa mita moja na zaidi kidogo, huku mtutu ukiendelea kutembea. Anayesimamisha mtutu wakati wa kufyatua hukosa kwa nyuma. Mtutu wa sentimita 71 hadi 76 wenye uzito kidogo mbele ukishaanza kutembea hausimami kwa urahisi. Ndiyo maana bunduki fupi za ulinzi wa nyumbani hazifai hapa hata kama unayo tayari.

Choki ni ule mkazo wa ncha ya mtutu unaoamua marisau yatawanyike mapema au yabaki pamoja. Weka iliyoandikwa skiti, au iliyo wazi kabisa, kisha usiifikirie tena mwaka mzima. Wapo wanaobadilisha choki kila kituo, na muda huo ningeutumia kutazama kisahani.

Risasi chagua za marisau namba 9, zenye uzito wa gramu 24 au 28 na mwendo wa kawaida. Boksi moja lina risasi 25, na raundi moja ya skiti ya Kimarekani ina mifyatuo 25, kwa hiyo hesabu ya siku ni rahisi. Uliza kwanza kanuni za uwanja, kwa kuwa baadhi hukataza marisau ya risasi nyeusi, yaani madini ya risasi, na kutaka ya chuma, na bunduki ya zamani huenda isiyafae ya chuma.

Kuna onyo moja ninaloomba ulishike hata ukisahau mengine yote. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye mtutu wa geji 12, haianguki nje. Inateleza na kukwama mbele kidogo ya chemba. Mtu anabonyeza, hakuna kitu, anadhani hakujaza, anaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono wa mbele. Watengenezaji wa Marekani huzipa risasi za geji 20 rangi ya njano kwa sababu hiyo. Usichanganye geji mbili katika mfuko mmoja, hata kwa safari ya kutoka garini hadi kituoni, na ukiazima kizibao cha mtu, kung'uta mifuko yote kwanza. Vilevile, mlio ukitoka dhaifu kuliko kawaida, simama, toa risasi, tazama ndani ya mtutu kabla ya kuendelea.

Masikio hayana mjadala. Mlio wa shotgani unavuka desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kudhuru, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Sponji za kuziba masikio ni za bei ndogo na zinatosha zikiingizwa vizuri. Vifuniko vya nje viwe vyembamba, visigongane na kitako. Watoto wavae vyote viwili kwa pamoja, hata wakiwa watazamaji. Miwani iwe ya plastiki ngumu ya polikaboneti, kwani kwenye kituo cha 8 vipande vya kisahani hukurudia usoni. Vioo vya rangi ya machungwa au waridi husaidia kisahani kuonekana dhidi ya miti, na vyeupe vinafaa siku ya mawingu. Anayevaa miwani ya daktari atafute fremu pana inayopanda juu, maana ukilaza shavu kwenye kitako unatazama kupitia ukingo wa juu wa kioo.

Kizibao chenye mifuko miwili mikubwa ni raha, lakini si lazima mwezi wa kwanza. Mkoba wa mkandani unatosha. Viatu viwe vya kisigino bapa, kofia iwe na ukingo mfupi wa mbele. Baada ya kucheza nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto, kwa sababu vumbi la marisau lina sumu ya risasi nyeusi. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Nyumbani, bunduki iwe ndani ya kasha la chuma lililofungwa na risasi zifungiwe mahali pengine. Ikiwa huna pesa za kasha, bado hujawa na pesa za bunduki.

Wiki hii piga simu klabu iliyo karibu nawe. Waulize siku ya wanaoanza ni lini, kama wana bunduki ya gesi ya geji 12 ya kukodisha, na kama kuna mwalimu wa kukutazama unavyoipandisha begani. Mpaka simu hiyo ipigwe na masomo machache yapite, usinunue kitu kingine chochote isipokuwa vizibo vya masikio na miwani.